Imeahirishwa

Queens haijui usingizi wa pono.
Saa nane za usiku treni namba saba bado inatetemesha vyuma juu ya kichwa changu,
nami chini yake na ndoo ya gundi, brashi,
na begani wiki nne zijazo, nimezikunja kama mkeka.

Kesho ya mji huu naijua kabla ya wenyewe.
Ijumaa: tromboni sita kutoka Cali,
wanaume wa suti za rangi ya papai,
wanawake nusu bei mpaka saa nne.
Jumamosi: kijana wa bachata, kifua wazi katikati ya Februari,
macho kama ya mtu anayedaiwa kodi.
Jumapili, baada ya misa ya pili,
filimbi za Andes chini ya kanisa, na supu ya kuku bure.
Na Doña Casilda Urrutia, malkia wa bolero,
anatuaga kwa mara ya mwisho.
Nilimbandika akituaga mwaka juzi.
Nilimbandika akituaga mwaka jana.
Mungu ampe umri aendelee kutuaga.

Ukuta wa kona, karibu na duka la nyama, umenenepa.
Ukwangue kwa kisu, utamenya kitunguu:
merengue juu ya cumbia, cumbia juu ya tango,
tango juu ya diwani aliyeshindwa,
na chini kabisa, sarakasi.
Watu hudhani nabandika karatasi.
Nawafukia waliokwisha kuimba.

Jumanne moja Wilmer, bosi wangu, akanipa bunda la kanda nyekundu,
upana wa kiganja, neno moja tu.
"Wale wa kinubi," akasema. "Viza zimekwama.
Pitisha kifuani. Tiketi watarudishiwa."

Wale wa kinubi.
Sikumwambia kwamba wa pili kutoka kushoto,
mwenye kofia iliyomzidi kichwa,
ni Leocadio, mpwa wangu,
niliyemwacha akitambaa chini ya kinubi cha baba,
akivuta uzi mmoja uleule mpaka tukamfukuza.
Miaka kumi na tisa.
Nilikuwa nimembandika mara mia na arobaini,
nikimtoa mapovu ya hewa mashavuni,
taratibu, kama anayemnawisha mtoto.

Mcheza kwao hutunzwa.
Na aliyeitwa kucheza ugenini, akafungiwa mlango,
nani amtunze? Karani wa dirisha namba sita?

Nikapita na kanda zangu.
Duka la nyama: imeahirishwa.
Kinyozi: imeahirishwa.
Benki, duka la maua, nguzo ya treni: imeahirishwa,
imeahirishwa, imeahirishwa.
Ukutani pa duka la kufulia nguo ukanda ukabaki mmoja.
Gundi ipo. Brashi ipo.
Nikaukunja, nikautia mfukoni.

Tarehe kumi na nne, saa mbili usiku, nikaenda ukumbini.
Usiniulize kwa nini.
Taa zimezimwa, kufuli mlangoni,
na mbele ya kufuli mama mmoja amesimama,
mfuko wa nailoni mkononi, ndani viatu vya visigino vyenye misumari.
Hermelinda, wa Tierra Blanca, mfanyakazi wa jikoni.
Bango aliliona pale anapofulia mashuka.
"Wamechelewa?" akaniuliza.
Ukanda ulikuwa ukinichoma paja.
"Wamechelewa," nikajibu.

Akatazama huku na huku.
Mafundi wa maji walikuwa wamefunika shimo la njiani
kwa ubao mpana, umekauka, theluji imeupita kando.
Akaketi kwenye ngazi, akabadilisha viatu.
"Basi miguu isigande tukiwasubiri."
Kisigino cha kwanza kikalia kama mlango unaobishwa.
Cha pili hakikungoja kuitikiwa.
Treni ikaja, ikatumeza, ikapita,
naye bado yuko juu ya ubao, sketi ameishika kwa vidole viwili.
Mimi kuimba sijui.
Mkono ulikuwa mfukoni, kwenye ukingo wa ile karatasi,
ukivuta uzi mmoja, uleule.