Sumaku Kwenye Kitambaa

Wamenipa fomu, kalamu na kiti cha plastiki
katika ua wa Wakili Kapend, huko Makomeno.
"Mama Ngosa, ulipima shaba miaka thelathini,
kigari hiki hakitakushinda."

Emji ya mwaka sitini na mbili. Fupi, jekundu,
usukani kulia, kama lilivyovuka Kasumbalesa
likitoka Kitwe na deni la mtu ndani yake.

Natoa sumaku. Nimeivika kitambaa isiparuze rangi.
Ubavuni inashika. Inashika.
Chini ya taa ya nyuma inateleza, yaniangukia kiganjani:
hapo bati lilikwisha, pamejazwa uji wa plasta.
Alama mbili.

Skurubu za mlango zina msalaba kichwani;
za kiwandani zilikuwa na mfuo mmoja.
Moja.

Nyuma ya dashibodi, brashi isikofika,
nakwangua kwa ukucha: nyekundu, halafu nyeupe,
halafu kijani kilichonyamaza miaka sitini.
Wakili anageuza uso. Yeye alitaka nyekundu.

Nainua zulia. Sakafu ni bati la pipa,
limepigwa nyundo hadi likatii,
ila herufi mbili za kampuni ya mafuta
bado zasomeka, zimepinduka.
"Ni mimi," asema fundi Numbi, bila haya.
"Palikuwa na shimo. Mguu wake ungegusa barabara."

Na waya?
"Nilisuka upya zote. Shaba ya hapa hapa,
ya mota ya pampu iliyokufa mgodini."

Fomu yasema: waya si za asili, ondoa tano.

Kalamu inasita.
Mwaka ule baba yangu alikuwa tanuruni,
akirudi alfajiri na nyusi zilizoungua,
na shaba ilipanda treni, haikuaga.
Ilikosukwa, nani alituambia?
Huenda ndiyo iliyorudi humu, imevaa mpira mweusi.
Huenda sivyo. Mimi ni mpimaji;
"huenda" haikai juu ya mizani.

Naondoa tano.
Wakili anahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza.
Numbi anawasha injini
(namba yake ni ile ile, nimeisoma mara mbili kwa tochi),
inakohoa, inakohoa, inashika,
vumbi la ua linaruka na kutua juu ya boneti,
juu ya fomu, juu ya mstari wa mwisho, *Mengineyo*,
nilipoandika: sakafu, Numbi, nyundo.
Hapo hapana alama.