Wapangaji wa Mkono wa Kushoto

Gervasi Mhina aliondoka Ngamiani alfajiri,
miezi minne hajalipa,
akaacha nyuma ya mlango ndoo yenye ufa,
kijitabu kisicho jalada
na gitaa.
Mama akalitazama kama mbuzi wa deni.
"Haya. Kodi yangu nitaitoa humuhumu."

Nikamwambia, hata kwenye gitaa kuna kodi,
ndivyo waziitavyo sauti zikilia kwa pamoja.
Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
"Kumbe alilipa!"

Nyumba yetu ina vyumba sita,
vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati.
Shingo ya gitaa, akasema, ni ukumbi vilevile:
vichuma ni kuta, kati ya kuta ni vyumba,
na nyuzi ni kamba za kuanikia
zinazopita kote bila hodi.
"Sasa niambie, nani analala wapi?"

Nikafungua kijitabu.
Vitone vyeusi, kila kitone na namba yake:
moja, cha shahada. Mbili, cha kati.
Tatu, cha pete.
Nikanyamaza.

Cha pete kilihama zamani,
kwenye korona, si maradhi, ile mashine ya mkonge kule Pongwe.
Kilihama nusu, bila notisi;
pete yenyewe ikaja kukatwa Bombo hospitalini,
kwa msumeno mdogo, mbele ya macho yake.
"Soma," akasema. "Mbona umekwama mlangoni?"

Tukaanza na A.
Kijitabu kinataka vidole vitatu chumba cha pili,
wamebanana kama wanafunzi wa bweni.
Mama akakataa.
"Nisongamanishe watu wa nini,
na Shahada peke yake anaweza kulala kifudifudi
akazishika nyuzi zote tatu?"
Akamlaza. Uzi mmoja ukakoroma.
Akasogeza kiwiko, akashusha gumba nyuma ya shingo,
akamsukuma Shahada mpaka ubavuni mwa kichuma,
asikipande.
Mkoromo ukakatika.
Nikamuuliza amejuaje.
"Mlango wa chooni haufungi mpaka uusukume karibu na komeo.
Umekaa humu miaka thelathini, hujui?"

G ikatusumbua siku tisa.
Shahada, uzi wa tano, chumba cha pili.
Cha kati, uzi mnene, chumba cha tatu.
Na kule upande wa pili, kwenye uzi mwembamba,
kitone chenye namba ya aliyehama.
"Mpe cha mwisho," akasema.
Cha mwisho! Ambacho maisha yake yote
kimekuwa kikining'inia nje ya kikombe cha chai.
Kikatetemeka kama kijana aliyekabidhiwa ufunguo.
Siku ya kwanza kilimziba jirani mdomo.
Siku ya nne kilichoka, kikalala saa mbili usiku.
Nilitaka akaze. Akanipiga kikofi cha mkono.
"Ncha ikiuma, sawa, inaota sugu.
Kifundo kikiuma, nimempa mtu chumba kisicho chake."
Akageuza gitaa kidogo, akaliegemeza kwenye nyonga ya kushoto,
na cha mwisho kikafika bila kunyooshwa.

F hakupata nafasi hadi leo.
Anataka Shahada alale ukumbini, ukuta hadi ukuta.
"Watu wapite wapi?"

Jana usiku umeme ulikatika.
Mama alikuwa kitandani, gitaa pajani:
G, kisha D, kisha arudi G,
na kila alipobadilisha, kile kipande cha cha pete
kiligusa ukingo wa ubao, hakibonyezi kitu,
kama mtu aliyehama mtaa
anayepita tu kuangalia kama wamepaka rangi.

Zawena wa chumba cha nne akabisha,
tochi ya simu mkononi, noti kwenye ncha ya kanga.
Akaanza kuzihesabu.
"Weka mezani, mwanangu," Mama akasema, macho kafumba.
"Usihesabu kwa sauti.
Nami nahesabu."