Nipo Nipo Tu

Paide, Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Virve Kuusmaa anavua glavu moja tu,
ya mkono wa kuandikia.
Mtambo huu hupasha joto nusu ya mji,
isipokuwa chumba hiki cha seva:
mashine zinapenda baridi, tuzizoee.

Miaka ishirini na sita kazi hii ilikuwa ya Kalju.
Kila saa ya usiku, tochi na chupa ya chai,
anaweka kiganja ubavuni mwa pampu,
anaandika kwenye daftari: Inaenda.
Inaenda.
Saa tisa: Inaenda. Panya kapita.
Sasa magoti yamemgomea,
na bodi imesema haiajiri tena mtu wa kuuliza.

Basi Virve anamsimika wakala,
kama asimikwavyo chifu, ila bila ngoma:
faili moja, jepesi kuliko picha ya paka wake.
Anakubali masharti asiyoyasoma.
Anampa jina, hampi nyumba,
hampi ruhusa ya kugusa chochote.
Kutazama tu.
Kisha anamwandikia orodha ya kuita:
yule asomaye joto,
yule aamuruye pampu,
yule wa ankara (huyu akilala, mji utashukuru).
Kila nusu dakika, uliza.
Asiyeitika mara tatu, niamshe.

Mlinzi mwenyewe hakuamka.
Dakika arobaini Virve anatafuta kosa, analikuta:
nafasi moja tupu iliyozidi mwanzoni mwa mstari.
Utupu wa upana wa punje ya mchele.
Anaufuta.

Upo? Nipo.
Upo? Nipo.
Kijani, kijani, kijani.

Anampigia Kalju. "Wote wapo."
Mzee kimya, halafu:
"Kuna mwaka pampu ya tatu ilinguruma vizuri mno.
Mota inazunguka, mkanda umekatika,
maji yamesimama kama mgeni mlangoni.
Sikio liliniambia niandike Inaenda.
Kiganja kikakataa."

Virve anarudi kwenye kibodi.
Anaongeza swali la pili, gumu kidogo:
Tangu nilipokuuliza, umefanya nini?

Wa pampu anajibu. Wa ankara anajibu, tena kwa madaha.
Asomaye joto anatoa namba: sabini na moja.
Anaulizwa tena. Sabini na moja.
Virve anafungua kumbukumbu za nyuma:
sabini na moja tangu Jumanne,
sabini na moja usiku ule madirisha ya shule yalipoganda kwa ndani.
Siku nne yupo.
Yupo yupo tu.

Anamwua, anamwasha upya.
Hamsini na nane, anasema sasa, kama aliyeamshwa kwa maji,
na huko nyuma ya ukuta
tanuri linameza vipande vya mbao kwa pupa.

"Ulisema kweli," anamwambia Kalju, simu begani,
akitafuta glavu yake. "Na wewe, mzee? Upo?"

"Aa. Nipo nipo tu."

Skrini ni kijani kote.
Gari linakohoa mara mbili ndipo linawaka.
Kwake ni kushoto, kitandani, paka anangoja.
Anakata kulia.