Chumba Namba Sifuri

Mchana napigilia kuta za mbao nyembamba
ndani ya nyumba za magurudumu, kiwandani Hull:
hapa jiko, hapa kitanda, hapa choo cha kujibana.
Usiku nafanya kazi ileile bila nyundo.
Naikata kumbukumbu ya kompyuta
aliyoiokota Grzegorz jaani, nyuma ya ghala la matairi.

Mfumo wangu endeshi hauna jina bado.
Una herufi moja tu, H, kwenye kona ya kioo cheusi,
nami naipenda H ile kama jino la kwanza la mtoto.

Jedwali lina masharti. Kipande cha kwanza
kiwe kitupu, baiti nane za sifuri,
asikae mtu;
atakayepotea njia aangukie pale, ajulikane.
Nikamkumbuka Bwana Pickersgill, mwenye nyumba wetu,
aliyekata sebule mbili zikawa vyumba vitano
na kabati la mtungi wa maji ya moto akalibandika 0
ili hesabu ya kodi isimpige chenga.

Kisha anwani ya mwanzo: haikai pamoja.
Unaichana. Nusu, robo ubavuni mwake,
robo nyingine kule ukingoni kabisa,
kwa kuwa mashine za zamani zilikuwa na mfuko mdogo
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa.
Na baada ya taabu yote hiyo, kichekesho:
kipande cha amri kinaanza sifuri, kinaishia gigabaiti nne;
cha data kinaanza sifuri, kinaishia gigabaiti nne.
Uwanja uleule. Kinachotofautiana ni ruhusa.

Ngazi ya sifuri ni yangu. Ngazi ya tatu ni ya wageni,
wapige hodi kwa kila kitu, hata kwa maji.
Ngazi ya tatu naijua. Sikuhitaji kitabu.

Nikapakia jedwali. H ikatokea.
Nikaiwasha saa. H ikafa, ikafufuka, ikafa,
mashine ikijizima na kujiwasha kama taa ya koridoni kwetu.
Siku nne. Nilihesabu biti kwa kidole,
nikatoa moja kwenye urefu, nikairudisha, nikaitoa tena.

Alfajiri ya Jumamosi, ukungu wa Humber umelamba dirisha,
mtu anakoroga ufunguo kwenye kitasa changu.
Ni Grzegorz, katoka zamu ya usiku, ananuka samaki,
hajui kuwa jana Pickersgill kabadili namba za milango.
"Shekue? Hiki si chumba cha pili?"
"Kilikuwa."

Nikamwacha kizingitini, Mungu anisamehe,
nikarukia kibodi.
Saa hukikatiza kichakataji, hukituma kazini,
na kinaporudi kimeshika ufunguo wa zamani:
mlango wa pili, ambao kwangu sasa ni wa data,
hapatendwi amri pale. Nilikuwa nimebadili namba
bila kumwambia aliye njiani.

Mstari mmoja tu ulikosekana, mruko mrefu:
ruka kutoka hapa ulipo hadi hapahapa ulipo,
ila ingilia mlango wa kwanza.

H ikasimama. Nukta za saa zikaanza kujipanga nyuma yake,
moja, moja, moja.
Grzegorz akauliza ni nini ile.
Nikasema ni saa, inakwenda na kurudi.
Akaitazama muda mrefu, mfuko wa chipsi zilizopoa mkononi,
kisha akauliza kama nina siki.