Kisanduku cha 4.2

Saa sita usiku ya Brussels ni saa saba ya Soroti.
Nimeiandika ukutani kwa kalamu nyekundu,
juu ya kalenda ya duka la dawa za mifugo,
ili Okiror asinipotoshe tena kama mwaka juzi
tulipobisha hodi lango limeshafungwa.

Umeme ulikatika saa mbili.
Jenereta ya jirani inangurumia friji zake za samaki;
ametukopesha waya mmoja
kwa sharti moja: birika tusilichomeke.

Fomu inasema, eleza tatizo kwa maneno mia mbili.
Nimelieleza kwa mia nne na kumi.
Nakata. Naondoa "wanawake huamka kabla ya jogoo".
Naondoa hata yale madoa ya kutu kwenye shati la shule.
Kinachobaki: visima 63 kati ya 118
vina madini ya chuma kupita kiwango.
Ni kweli tupu, na imepauka
kama mtu aliyepigwa picha ya pasipoti.

Fomu inauliza, hatari ni zipi, nanyi mtazikabili vipi?
Andika mafuriko, asema Okiror. Andika bei ya petroli.
Andika shilingi inavyoteleza.
Siandiki lile bango la Olwelai,
la mradi uliotangulia, jina la mfadhili kwa herufi za buluu:
bango limesimama wima,
pampu ndiyo iliyolala.
Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaoomba
hauonyeshi kovu.

Kisha kisanduku cha 4.2. Watafiti wakuu.
Jina, jina la ukoo, shahada, taasisi.

La kwanza ni langu. Amongin, Stella. Uzamili.
La pili ni la profesa wa ng'ambo, ambaye jana kaandika
niongeze neno "tabianchi" angalau mara tatu.
La tatu vidole vinasita.

Toto Apolot, miaka kumi na mmoja, kila alfajiri,
humimina chai ya rangi katika kikombe cheupe,
akaitazama,
akachora kwa kaa ukutani mwa jiko lake:
mstari mfupi ikiwa hudhurungi,
mrefu ikiwa nyeusi.
Okiror alicheka, mpaka tulipoilinganisha mistari ile
na mashine yetu ya Kampala.
Ilitofautiana miezi miwili tu.
Miezi hiyo mashine ilikuwa mbovu.

Namwandika. Kisanduku kinawaka chekundu:
sehemu hii ni ya lazima.
Shahada? Nachagua "nyingine".
Tafadhali fafanua.
Naandika: ukuta.
Mfumo unakubali. Mfumo huhesabu herufi tu.

Sasa bajeti. Mahali pa watu kama yeye papo tayari,
mstari wa 17, "wanajamii", soda na nauli.
Namtoa huko. Namlipa kwa siku
kama ninavyojilipa.
Jumla inapita kikomo kwa euro mia nane na arobaini,
basi nafuta matairi mapya ya pikapu.
Okiror ananitazama.
"Tutakwenda na bodaboda," namwambia.
"Msimu wa mvua?"
"Msimu wa mvua."

Saa saba kasoro dakika nne. Wasilisha.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
jirani anazima jenereta bila kuaga,
betri imebaki asilimia tisa,
kiduara kinazunguka.

Tumepokea ombi lenu.
Majibu baada ya miezi mitano.

Hakuna anayeshangilia. Okiror anawasha jiko la makaa,
anachemsha maji ya dumu tulilopewa Olwelai,
anatia majani, anamimina
katika kikombe cheupe cha wageni,
nasi tunainama juu yake na tochi ya simu.
Jibu hili huja kwa dakika mbili.

Nyeusi.

Okiror anapapasa gizani
akitafuta kaa lililopoa.