Moto wa Pumba

Heino, ulisema msitu haupokei oda,
kwamba uyoga una msimu wake, na msimu umekwisha
tangu asubuhi ile tulipokuta barafu
juu ya maji ya ndama, nyembamba kama kioo cha saa.
Ulisema huku ukitafuna, bila hata kunitazama.

Sikujibu. Nilichukua toroli.

Toroli saba za samadi kutoka kwa farasi wa Kaarel,
majani ya mibetula yaliyolala uani tangu Septemba,
machicha ya kahawa niliyoyaomba duka la mikate la Võru
(yule binti Triinu alidhani nimerukwa na akili),
na maganda ya viazi vyako, kaka,
wewe unayemenya kiazi kama unachonga mtumbwi.

Wiki ya kwanza lundo lilikaa kama mgeni, halisemi.
Ya pili likaanza kufuka.
Nikalichoma kipimajoto kile kirefu
nilichotoka nacho kiwandani walipofunga idara ya jibini:
ndani, sitini na tatu.
Nje, mbili, na upepo wa mashariki.

Ni moto wa pumba. Hauonyeshi ulimi,
hauombi kuni, haumwiti mtu aje aote.
Unakula tu, taratibu, vilivyokwisha.

Mwaka jana nilikosea na sikukuambia.
Mifuko ya mbegu niliizika katikati, kitovuni,
nikidhani penye joto zaidi ndipo penye uhai zaidi.
Nilipofukua, ule utando mweupe ulikuwa umeiva,
umelegea kama uji, unanuka siki.
Niliwamwagia kuku.
Kuku nao walisusa.

Basi mwaka huu nilipima kwa mkono.
Hadi kiwiko: panaunguza.
Hadi kifundo: uvuguvugu tu,
kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi.
Nikasema, hapa.
Pembeni, upande wa kusini, si kitovuni.

Kifuniko kilikuwa dirisha la chumba cha mama,
lile lililolala ghalani miaka hamsini
na kioo chake kilichopasuka
siku uliyorusha jiwe, siku usiyoitaja.
Nilitaka kuziba ule ufa kwa gundi. Nikaacha.
Uyoga ukikosa hewa hurefusha shingo
na kofia zake hubaki kama vifungo vya shati.
Ufa wako, Heino, ulipitisha hewa ya kutosha.
Sijui kama hii ni habari njema kwako.

Novemba ikaja na ukimya wake.
Tuliwasha mshumaa dirishani kwa ajili ya waliotangulia,
hatukupasua kuni, hatukugonga milango.
Usiku ule ilishuka hadi hasi saba, theluji ikaanguka,
na nilipotoka na tochi
lundo peke yake lilikuwa jeusi katikati ya weupe,
limejitahiri duara la ardhi tupu,
na paka amehamia pale, haoni haya.

Nikainua dirisha.
Mvuke ukanijaa kwenye miwani, sikuona kitu.
Ilibidi nisome kwa vidole:
baridi, laini, ukingo uliojikunja,
mwingine juu yake, mwingine,
umepandana kama vigae.
Nilisimama pale kipofu, nacheka chini chini,
maana wafu hawapendi kelele.

Ulikula. Siagi, kitunguu, basi.
Ukakata mkate ukafuta kikaango hadi kikang'aa,
ukasema, "Chumvi kidogo."
Ukaenda kulala.

Asubuhi nilikuta toroli ya nane mlangoni,
imejaa, inafuka,
na kwenye theluji nyayo za viatu vyako
zikienda zizini kwa Kaarel,
na zikirudi, zimezama zaidi.