Zumari Amenyamaza

Wiki tatu hakulia.
Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema amepata adabu:
punda niliyemwita Zumari
kwa vile alivyokuwa akiitangulia adhana,
sasa kimya, kichwa chini, kama mwari.

Kisha akampiga teke mwanangu Famau
nami nikainua bakora.

Mwanamize wa Matondoni, aliyesomea viungo vya wanyama,
akanishika mkono.
"Mtezame matso," akasema. "Usitezame mateke."

Nikatazama.
Juu ya jicho ngozi imejikunja pembetatu,
pua zimebana, kidevu kigumu kama kokwa la embe.
Sikio moja mbele, moja nyuma,
kama mtu anayesikiliza jambo ndani ya nyumba yake.
Mguu wa nyuma wa kushoto hautulii:
unagusa, unaondoka, utadhani sakafu ina moto.

Miaka sita namtazama mgongo tu,
kuona kama umebaki na nafasi ya jiwe.

Akaweka viganja pale shogi inapolala,
akateremka na uti wa mgongo, pingili kwa pingili.
Karibu na kiuno ngozi ikaruka
kama maji yaliyotupiwa kokoto.
"Hapa."
Hakusema zaidi.

Kitambaa cha maji moto. Mafuta ya nazi.
Vidole gumba vikizunguka, polepole,
nikaijua mikono ile: ni ya mama yangu
akimkanda mzazi ndani ya arubaini,
chetezo kikifuka chini ya kitanda.

Kwa ganda la tikiti akamvuta shingo
kushoto, kulia, hata mdomo ukafika ubavuni.
Siku ya nne Zumari akashusha pumzi ndefu,
mdomo wa chini ukalegea, akapiga miayo
mpaka nikaona meno yote ya manjano.
Nikapiga miayo nami.

Asante ya punda ni mateke, walisema.
Hawakuuliza anaumwa wapi.

Sasa matumbawe ni nusu, safari ni mara mbili.
Fundi Lali ananuna, ananikata shilingi hamsini.
Jioni namtembeza kwenye mchanga wa Shela,
bila shogi, bila haraka,
na bega langu la kulia, ambalo sijamwambia mtu,
linaning'inia kando yake.

Jana, kabla ya alfajiri, alilia.
Mwanzo kama mlango ulioshika kutu,
kisha zumari lenyewe, Langoni nzima.
Jirani akafungua dirisha akatukana.
Tukana, ndugu yangu, nikamjibu kutoka kitandani,
tukana tena.